Kivinjari kinafungua vichupo chenyewe hata baada ya kukiondoa na kukisakinisha upya: kero hii hukaa wapi hasa?

#1 – Mpenda_Utulivu
Salaam wakuu. Kwa wiki tatu sasa kompyuta yangu mpakato yenye Windows imekuwa ikifungua vichupo nisivyoviomba. Nikiwa katikati ya kusoma habari au kuandika barua, Chrome inajifungulia kichupo chenye mchezo wa kubahatisha, au ukurasa unaonipongeza kwa kushinda simu, au ule mwekundu unaodai kwamba kompyuta ina virusi vitano na kwamba nipige namba fulani mara moja. Kizuizi cha madirisha ibukizi nimehakikisha kimewashwa. Historia na vidakuzi nimefuta. Juzi nilikata shauri nikaondoa Chrome yote, nikaisakinisha upya kutoka tovuti yake rasmi, na jioni ile ile kero ikarudi kana kwamba sijagusa kitu. Natafuta dawa, ndiyo, lakini zaidi nataka kuelewa: kama kivinjari ni kipya, kitu hiki kimejificha wapi?

#2 – Nahodha_wa_Data
Pole, ndugu mtoa mada. Anza na arifa. Kizuizi cha madirisha ibukizi hakina mamlaka yoyote juu ya arifa, kwa sababu hizo zinatokana na ruhusa uliyoitoa mwenyewe siku ulipobofya "Ruhusu" kwenye ukurasa uliokutaka uthibitishe kwamba wewe si roboti. Chrome ilianza kupokea arifa za tovuti hata zikiwa zimefungwa mwaka 2015, na matapeli hawakuchelewa kugundua kwamba bofyo moja la mtu mwenye haraka linawapa nafasi ya kumtumia matangazo hata akiwa ameshaifunga tovuti yao. Nenda Mipangilio, kisha Faragha na usalama, kisha Mipangilio ya tovuti, kisha Arifa. Ukikuta majina usiyoyatambua, hasa yale yenye herufi zisizotamkika, yaondoe yote. Niliwahi kukuta kumi na saba kwenye kompyuta ya dada yangu, naye hakukumbuka kuruhusu hata moja.

#3 – Mpenda_Utulivu
Shukrani, Nahodha. Nimekuta kumi na moja na nimeziondoa zote. Naomba nitofautishe jambo, hata hivyo: vijisanduku vilivyokuwa vikichomoza kwenye kona ya chini kulia vimetulia kabisa, lakini vichupo kamili bado vinajifungua. Tangu niondoe arifa nimeshahesabu viwili.

#4 – Mwandika_Programu
Nahodha yuko sahihi kuhusu vijisanduku, ila arifa haiwezi kufungua kichupo mpaka mtu aibofye, kwa hiyo vichupo vina chanzo kingine. Tuangalie kizuizi chenyewe kinavyoamua. Kinauliza swali moja tu: je, dirisha hili limetokana na kitendo cha mtumiaji? Ukurasa ukijaribu kufungua dirisha wenyewe wakati unapakiwa, ombi linakataliwa. Ukibofya mahali, kivinjari kinahesabu kwamba umeomba, maana hata ukurasa halali wa malipo hufungua dirisha la uthibitisho kwa njia hiyo hiyo.

Tovuti chafu zimejenga makao hapo. Zinatandaza tabaka lisiloonekana juu ya ukurasa mzima. Unabofya kitufe cha kucheza video, bofyo la kwanza linaangukia kwenye tabaka na kichupo cha tangazo kinafunguka. Bofyo la pili ndilo linalofika kwenye video. Kama video zako huanza kwa kubofya mara ya pili au ya tatu, mwizi umeshampata. Zipo pia zinazofanya kinyume: kitu ulichokitaka kinafunguka kwenye kichupo kipya, ukifurahi kwamba umekipata, na kile cha zamani ulichokiacha nyuma kinageuka kuwa tangazo. Kero hii yote tumeirithi kwa Internet Explorer, kivinjari cha zamani cha Microsoft, kwani ndiyo iliyobuni madirisha haya.

#5 – Bi_Kumbukumbu
Nakubaliana na maelezo ya #4 isipokuwa sentensi yake ya mwisho, ambayo haiwezi kuachwa hivyo. Mtu aliyejitokeza na kukiri kwamba aliandika msimbo wa kufungua tangazo katika dirisha la peke yake ni Ethan Zuckerman, alipokuwa akifanya kazi Tripod, kampuni iliyowawekea watu kurasa zao za wavuti, katika miaka ya 1990. Mwaka 2014 aliandika makala katika jarida la The Atlantic akaomba radhi. Kisa chake kilikuwa hiki: kampuni ya magari ililalamika kwamba tangazo lake limetokea kwenye ukurasa wenye maudhui ya ngono, na yeye akatafuta njia ya kulitenganisha tangazo na ukurasa. Lengo lilikuwa kumlinda mtangazaji.

Internet Explorer ilichelewa kuzuia, na hilo ndilo kosa lake. Opera na Mozilla zilikuwa na kizuizi mapema miaka ya 2000, huku watumiaji wa Internet Explorer wakisubiri hadi Agosti 2004 lilipotoka sasisho kubwa la pili la Windows XP.

#6 – Kijana_wa_Kibodi
Bi Kumbukumbu, nina hakika siku tukikuuliza saa utatueleza kwanza ni nani aliyeibuni. Asante hata hivyo, kisa hicho sikukijua.

Mimi dau langu naliweka kwenye viendelezi, yaani programu ndogo zinazoongezwa ndani ya kivinjari. Mtoa mada hajatuambia anavyo vingapi. Watu wengi wanadhani kiendelezi kilichokuwa kizuri mwaka juzi kitabaki kizuri, kumbe mwenye nacho anaweza kukiuza, na mnunuzi akasukuma toleo jipya linalojisasisha bila kukuuliza chochote. The Great Suspender kilisifiwa sana kwa kupunguza mzigo wa vichupo. Mwaka 2020 mwenyewe akakikabidhi kwa mtu mwingine, na Februari 2021 Google ikakiondoa kwa kuwa kina msimbo hasidi. Kwangu kilikuwa kiendelezi kidogo cha kupiga picha za skrini. Kilifanya kazi miezi minane bila tatizo, kisha kikaanza kunifungulia kichupo cha manunuzi kila nilipotafuta jina la bidhaa yoyote.

#7 – Subira_Njema
Mbona hakuna aliyejibu swali lenyewe la mtoa mada, yaani kwa nini kusakinisha upya hakukusaidia? Ukiondoa Chrome bila kuweka alama kwenye kisanduku cha kufuta data, wasifu wako, yaani mipangilio na viendelezi vyako, unabaki kwenye diski ukikusubiri. Na hata ukiufuta, mara tu unapoingia na akaunti yako, usawazishaji unarudisha viendelezi vyote pamoja na kurasa zilizopangwa kufunguka mwanzoni. Umefagia nyumba, kisha umeufungua mlango ule ule. Dada mmoja wa kazini kwetu alisakinisha kivinjari mara nne kwa wiki moja, na kila mara aliingia na akaunti ndani ya dakika mbili za kwanza.

Zima usawazishaji kwanza. Futa data iliyohifadhiwa kwenye akaunti. Kisha ndipo usakinishe.

#8 – Mpenda_Utulivu
Subira, umenigusa. Nakiri kwamba niliingia na akaunti mara moja, nikitaka manenosiri yangu yarudi.

Kijana, viendelezi ninavyo vinne: cha kutafsiri, cha kubadilisha mandhari ya ukurasa mpya, cha kukagua tahajia na cha kuhifadhi manenosiri. Nilivizima vyote jana saa mbili usiku. Leo asubuhi, vikiwa bado vimezimwa, kichupo cha mchezo wa kubahatisha kimefunguka tena. Kilifunguka nikiwa nimeinua mikono nanywa chai, kwa hiyo hata hoja ya tabaka lisiloonekana sioni inavyoingia hapo.

#9 – Fundi_Mtulivu
Kama mikono ilikuwa kwenye kikombe, tutoke nje ya kivinjari.

Mtoa mada, fanya jaribio moja. Funga Chrome kabisa, acha kompyuta iwake, weka saa mezani na usiguse kitu. Niliwahi kukaa hivyo na kompyuta ya mteja. Saa mbili na dakika kumi Chrome ikafunguka yenyewe na ukurasa wa bahati nasibu. Nikaifunga. Saa mbili na dakika arobaini ikafunguka tena. Saa tatu na dakika kumi, tena. Tovuti haina uwezo wa kufanya hivyo kivinjari kikiwa kimefungwa. Dakika thelathini kamili ni ratiba iliyoandikwa mahali.

Ratiba yenyewe iko ndani ya Windows. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika taskschd.msc, na utaona orodha ya kazi zinazojiendesha. Jina la kazi lisikudanganye, kwani ile niliyoikuta mimi ilijiita huduma ya masasisho. Soma amri iliyo ndani yake. Niliyoikuta ilikuwa na neno "start" likifuatiwa na anwani ya tovuti, basi. Hakuna programu wala faili la kukamatwa na kinga ya virusi, ila mstari mmoja unaoiambia Windows ifungue anwani fulani.

Ukimaliza hapo, bofya kulia kwenye ikoni ya Chrome iliyo kwenye eneokazi, fungua sifa zake na usome njia ya faili. Inapaswa kuishia kwenye chrome.exe, au pengine na maneno ya kuchagua wasifu. Ukikuta anwani ya tovuti imebandikwa mkiani, futa njia hiyo ya mkato uunde nyingine.

#10 – Neema_ya_Asubuhi
Samahani kwa kuingilia. Tatizo langu ni hilo hilo lakini kwenye simu ya Android: nikifungua skrini tu, tangazo linajaa uso mzima kabla sijagusa chochote, na mara nyingine kivinjari kinafunguka chenyewe. Je, nifuate njia hizi hizi?

#11 – Nahodha_wa_Data
Dada Neema, kwenye simu mhusika karibu kila mara ni programu uliyoisakinisha, wala si kivinjari. Mara nyingi ni tochi, kisafisha simu, kibodi ya mapambo au kisoma misimbo. Mara tu tangazo linapotokea, fungua orodha ya programu za karibuni, kwani ikoni na jina lililo juu ya tangazo vinaweza kumtaja mwenyewe. Pia kwenye mipangilio tafuta ruhusa ya kuonyesha juu ya programu nyingine, na uiondoe kwa kila kisichohitaji. Ukishindwa, washa simu katika hali salama, ambamo programu ulizojiongezea hazifanyi kazi. Tangazo likitoweka humo, basi ni mojawapo ya hizo. Ondoa moja moja kuanzia ile ya karibuni zaidi.

#12 – Mpenda_Utulivu
Nimerudi na majibu. Nilifunga Chrome saa moja na nusu usiku, nikakaa na kitabu. Saa mbili na dakika tano ikafunguka yenyewe na ule ukurasa mwekundu wa virusi. Moyo ulinipasuka, maana nyumba nzima ilikuwa kimya na ukurasa ule hutoa sauti.

#13 – Mwandika_Programu
Nampongeza Fundi kwa jaribio lake, ila halithibitishi yote anayodai. Chrome ina mpangilio, katika sehemu ya Mfumo, unaoiruhusu iendelee kufanya kazi chinichini hata baada ya dirisha lake kufungwa, na kiendelezi chenye ruhusa ya kukaa chinichini kinaweza kuiweka hai. "Kufunga" kwa alama ya X na kufunga kweli ni mambo mawili. Rudia jaribio mpangilio huo ukiwa umezimwa, na uhakikishe katika orodha ya kazi zinazoendelea, kwa Ctrl, Shift na Esc, kwamba hakuna hata mstari mmoja wa Chrome uliobaki.

#14 – Fundi_Mtulivu
Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama #8 asingekuwa ameshavizima viendelezi vyote vinne. Kiendelezi kilichozimwa hakifanyi kazi, si mbele wala chinichini.

#15 – Mlinzi_wa_Lango
Mnaisahau ruta, kifaa kinachogawa intaneti nyumbani. Nenosiri la kiwandani likiachwa bila kubadilishwa, mtu anaweza kuingia na kubadilisha anwani za seva za DNS, ambazo ndizo zinazoiambia kompyuta kila jina la tovuti linapatikana wapi. Hilo limeshatokea kwa ukubwa wa kutisha. Programu hasidi ya DNSChanger iliambukiza kompyuta zaidi ya milioni 4, na ilijaribu pia kubadilisha mipangilio ya ruta, ili waendeshaji wake walipwe kwa matangazo ambayo watu walielekezwa bila kujua. FBI, shirika la upelelezi la Marekani, ilitangaza kukamatwa kwao Novemba 2011, na seva za muda zilizowekwa badala ya zao zilizimwa tarehe 9 Julai 2012. Kabla ya kuzimwa, watu walilazimika kutangaziwa wakague kompyuta zao, maana wasingeweza tena kufungua tovuti yoyote.

#16 – Bi_Kumbukumbu
Tarehe za #15 ni sahihi. Hata hivyo, DNS iliyochezewa inaweza kukupotosha unapokwenda; haiwezi kukuinua kitini. Haina namna ya kuamsha kivinjari kilichofungwa. Isitoshe, siku hizi tovuti nyingi hutumia https, muunganisho unaodai tovuti ithibitishe kwa cheti kwamba ndiyo yenyewe, na seva ya uongo isiyo na cheti halali huishia kuonyesha onyo badala ya tangazo. Njia rahisi ya kuliondoa shaka hili ni kuunganisha kompyuta na intaneti ya simu kwa siku moja. Kero ikiendelea, ruta haina hatia.

#17 – Kijana_wa_Kibodi
Je, kwa nini tusimwambie tu aweke kizuia matangazo? uBlock Origin ina swichi ya kukataa madirisha ibukizi yote kwa tovuti moja moja, hata yale yanayotokana na bofyo. Shida ni kwamba Chrome imeacha kukubali viendelezi vya mfumo wa zamani, na toleo kamili halifanyi kazi tena humo, limebaki lile jepesi liitwalo uBlock Origin Lite. Kwenye Firefox toleo kamili bado linafanya kazi.

#18 – Subira_Njema
Linasaidia dhidi ya tabaka la #4, ndugu Kijana, si dhidi ya kujifungua kwa #12. Kizuia matangazo hakijui lolote kuhusu ratiba ya Windows.

#19 – Mtoto_wa_Mwisho
Naomba niseme kuhusu ule ukurasa mwekundu, kwa sababu ulikaribia kumwumiza mama yangu. Ulijaza skrini nzima, mshale wa kipanya ukatoweka, sauti ya mwanamke ikarudia kwamba akizima kompyuta atapoteza kila kitu. Nilimkuta ameshika simu, ameshapiga tarakimu sita za ile namba, mikono inatetemeka. Aliyekuwa anakwenda kumpokea angemwomba asakinishe programu ya kuingilia kompyuta kutoka mbali, na baada ya hapo taarifa zake za benki.

Tafadhali wafundisheni wazee wenu: ukurasa wa tovuti hauwezi kukagua virusi kwenye kompyuta, na onyo halali la mfumo haliweki namba ya simu. Shikilia Esc bila kuachia mpaka skrini nzima iachie. Isipoachia, maliza kivinjari kwa Ctrl, Shift na Esc. Kitakapofunguliwa tena na kuuliza kama kirejeshe kurasa za awali, kataa, maana ukikubali unaurudisha ule ule. Mama sasa ana maelekezo hayo kwenye karatasi pembeni ya kibodi, kwa mwandiko wangu mkubwa.

#20 – Nahodha_wa_Data
Pole sana kwa mama, #19. Umefanya vema kuandika hili.

Mtoa mada, nina swali moja lililosahaulika. Ukifungua menyu ya Chrome, chini kabisa kuna maneno "Inasimamiwa na shirika lako"? Kama kompyuta ni yako binafsi, maneno hayo hayapaswi kuwepo bila sababu unayoijua. Zipo programu hasidi zinazojiandika kama msimamizi kwenye rejista ya Windows, hifadhi ya mipangilio yake, na kuiwekea Chrome amri ziitwazo sera, na sera hizo zinaweza kulazimisha kiendelezi kisichoondoleka. Andika chrome://policy kwenye sehemu ya anwani uone orodha. Kumbuka tu kwamba baadhi ya programu halali za kinga ya virusi nazo huweka sera zao, kwa hiyo soma kabla ya kufuta. Zamani Chrome yenyewe ilikuwa na zana ya kusafisha uchafu wa namna hii kwenye Windows, ila iliondolewa Machi 2023.

#21 – Mpenda_Utulivu
Wakuu, nimechukua siku tano kabla ya kurudi ili niwe na la uhakika. Sera hakuna. Kwa intaneti ya simu kero iliendelea, kwa hiyo ruta imetoka. Katika ratiba ya Windows nilikuta kazi moja yenye jina linalofanana na la kadi ya sauti, iliyopangwa kujirudia kila baada ya dakika 35, na ndani yake, kama Fundi alivyosema, neno "start" na anwani ndefu. Iliundwa siku ile ile niliyopakua programu ya bure ya kugeuza nyaraka, nikabofya "Endelea" mara nne bila kusoma. Nimeifuta kazi hiyo, nimeiondoa programu, nimezima usawazishaji na kuviondoa viendelezi viwili. Siku nne kimya kabisa. Siku ya tano, kichupo kimoja kimefunguka nikiwa kwenye tovuti ya video.

#22 – Fundi_Mtulivu
Dakika 35, kwa hiyo hata saa ya #12 inalingana. Hongera.

#23 – Mwandika_Programu
Na hicho kimoja cha siku ya tano ni cha kwangu. Umebofya mara ngapi ndipo video ikaanza?

#24 – Mpenda_Utulivu
Mara mbili.

#25 – Subira_Njema
Tatizo ni kwamba umefanya mambo manne kwa siku moja, na sasa kila mmoja wetu anaweza kudai ushindi. Kazi ya Windows inaeleza kujifungua kwa kivinjari, lakini haielezi ni nani aliyekuwa akikuletea ile kurasa ya kupongezwa kwa kushinda simu, ambayo anwani yake hujatuambia kama ni ile ile ya kwenye ratiba. Bado nashuku mojawapo ya viendelezi ulivyoviondoa. Washa usawazishaji peke yake, usiguse kingine, utuambie.

#26 – Kijana_wa_Kibodi
Au asiwashe kabisa, apumzike. Nyumba imeshatulia.

#27 – Mpenda_Utulivu
Subira ana hoja, kwa sababu anwani ya kwenye ratiba inaelekeza kwenye kurasa tofauti kila mara na sikuweza kuilinganisha. Nimewasha usawazishaji leo saa moja jioni. Kabla hata sijasogeza kiti, kile kiendelezi cha mandhari ya ukurasa mpya kimerudi chenyewe na kimejiwasha. Nimekiacha makusudi mpaka kesho usiku, na daftari liko mezani kwa kuandika saa za kila kichupo.